Mwaka wa Kiberiti cha Chunya

Tulimzika Bwana Kihwele nyumbani kwao, kwenye mlima ulio nje kidogo ya mji wa Iringa, siku ya baridi ya kukunja vidole. Baada ya maziko nilikaa jikoni na wanawake wenzangu, sahani ya ugali na maharage mapajani, nikimlilia mtu aliyenifundisha kazi ya maabara. Ndipo mama mmoja mnene, aliyejitanda khanga mbili juu ya sweta, akaja akasimama mbele yangu. Akanitazama weee, kisha akawageukia waombolezaji. "Huyu mnayemwona ametulia kama mke wa mchungaji," akawaambia, "ndiye aliyekuwa anawapiga shoti wadudu wa hamira. Na mashine nilikuwa nazungusha mimi." Alikuwa Rehema, mwenzangu wa ujana. Sauti ilikuwa ileile ya kuita wateja dukani, mikono ileile minene ya kukanda unga. Watu wakacheka msibani, nami nikacheka pamoja nao machozi yakiwa bado mashavuni, kwa sababu hata marehemu mwenyewe angecheka. Tulikaa mpaka chai ya jioni, kila mmoja akimkumbusha mwenzake kitu alichokisahau, na niliporudi Mbeya nikaona afadhali niuandike mwaka ule kabla hajabaki mtu mmoja tu wa kuuhadithia, kisha hata huyo mmoja asibaki.

Nitaruka habari za ukoo, nani alimzaa nani na nilichunga nini nikiwa mdogo. Watu wa rika langu wote wameandika hayo na yanafanana kama punje za mahindi. Naanzia kwenye chumba nilicholala Mbeya. Na niseme mapema kwamba nilishinda. Wapo wanaoona vibaya mtu kujisifu; wengi wao hawajapata bado cha kujisifia, nami nawaombea wapate. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati migodi ya dhahabu ya Chunya ilipokuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine na vyuma vyake vikiletwa Mbeya kuuzwa. Nilikuwa msichana wa Kinyakyusa niliyemaliza masomo ya kati, nikapata kazi ya kuosha chupa na vioo katika maabara ya hospitali. Nililala kwa akina Rehema, nyuma ya tanuri la mikate la baba yake, katika chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa wa moto mwaka mzima. Kwa baridi ya Mbeya ukuta ule ulikuwa neema kuliko godoro. Niliuegemeza mgongo nikisoma, niliuanikia soksi, na kupitia tundu lililokuwa karibu na dari nilisikia mazungumzo yote ya jikoni.

Mama Rehema alikuwa mtu wa pwani, ndoa ndiyo iliyompandisha bara, na mpaka mwaka ule alikuwa hajaisamehe Mbeya kwa kukosa nazi. Asubuhi tulikula mikate iliyoungua pembeni, ile isiyouzika, kwa chai ya maziwa yenye tangawizi. Jioni ulikuwa wali wa Kyela na maharage, naye akiupakua alikuwa akiomba radhi, eti wali usio na tui ni wa wagonjwa. Juu ya rafu, mbali na panya, alikuwa na chupa kubwa ya kioo yenye chachu. Masika yakikata barabara na makopo ya hamira yakikwama njiani, chupa ile ndiyo iliyoulisha mji mkate. Kila alfajiri niliisikia sauti yake kupitia tundu la ukuta: "Haya amka, mwanangu, watu wana njaa." Mwanzoni nilidhani anamwamsha Rehema, kumbe anaiambia chachu huku akiipa unga na sukari. Mimi niliicheka tabia ile. Leo nikiwa na kuku wangu wanne nawasalimia kwa majina, basi sina la kusema.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha marefu, meza ya saruji na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa cheupe. Bwana Kihwele, Mhehe mfupi asiyependa haraka, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Chini yake alikuwapo Lugano, kijana wa kwetu Rungwe, mwenye akili na suruali iliyonyooshwa vizuri, kisha mimi na chupa zangu. Aliyekuwa juu ya wote ni Daktari, Mwingereza mrefu aliyeongea Kiswahili cha polepole kana kwamba anapima dawa. Mwanzoni mwa mvua za mwaka ule ikaja habari kwamba kuna nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kusomea kazi ya maabara. Siku hiyo nilikuwa nasugua vioo, mlango wa ofisi uko wazi nusu, nikamsikia Daktari akisema, "Lugano anafaa. Msichana ataolewa tu, masomo yapotee." Bwana Kihwele akasema taratibu, "Hata Lugano ataoa, Daktari." Daktari akacheka. Kesho yake akatuita wote wawili na kusema kwamba kila mmoja alete swali lake, swali la kweli asilojua jibu lake, alitafutie jibu kwa mikono yake, naye Daktari aone jibu hilo kwa macho yake mwenyewe. Atakayemridhisha ndiye atakayekwenda. Atakayeshindwa abaki kwenye kazi yake. Kazi ya Lugano ilikuwa kusoma vioo kwa hadubini na yangu ilikuwa kuviosha, kwa hiyo mwenye cha kupoteza nilikuwa mimi.

Lugano hakuchelewa. Alikwenda mtoni, akachota maji juu ya mji na chini ya mji, akaanza kutafuta minyoo. Lilikuwa swali zuri na la manufaa, nami nilimchukia kwa wiki nzima. Swali langu lilikuja wakati wa kula mchana. Radi ilikuwa imepiga ng'ombe wa mtu mmoja Iyunga, naye Lugano alikuwapo walipowachuna. Tukiwa tunakula viazi vya kuchemsha pale kwenye ngazi za nyuma, akatuambia nyama ilikuwa mbichi kabisa, haina hata pa kuungua. "Radi inapika damu kwa ndani, ndiyo maana," akasema. Nikamuuliza, "Kama imepika damu, mbona nyama haikuiva?" Akasema sijui kitu. Nikamwambia na yeye hajui. Bwana Kihwele alimenya kiazi chake mpaka kikawa cheupe, akasema, "Basi hakuna anayejua. Na ng'ombe hatuna wa kujaribia." Maneno yale niliondoka nayo. Ng'ombe hatuna, ndiyo, lakini tulikuwa na chupa nzima ya viumbe hai pale rafuni kwa Mama Rehema. Bwana Kihwele alikuwa amenionyesha chachu kwenye hadubini siku moja kwa kunifurahisha: vitu vya mviringo, vidogo ajabu, kila kimoja kikichipua mtoto ubavuni. Chembe hizo zinakula, zinazaa, zinakufa. Kilichobaki ilikuwa kupata radi ndogo.

Radi ndogo ilikuwa stoo. Baba Rehema alinunua shehena ya vyuma vya Chunya, na katikati ya sururu na minyororo kulikuwa na sanduku la mbao lenye mpini juu na skrubu mbili za shaba. Wachimbaji walifunga waya kwenye skrubu zile, wakauzungusha mpini mara moja kwa nguvu, umeme ukakimbia kwenye waya na kulipua baruti mwambani. Wenyewe waliliita kiberiti. Uzuri wake ni kwamba lilitoa pigo moja fupi, fupi kuliko kupepesa jicho, kisha basi. Kaka yake Rehema alishika skrubu zile siku moja kwa ujuba, akarushwa juu ya magunia ya unga. Nilimweleza Rehema mpango wangu. Akaniuliza, "Na hao wadudu wakifa tunapata nini?" Nikamwambia mimi napata kwenda Dar es Salaam. Akafikiri kidogo, akasema, "Na mimi nipate kuona hicho kioo chenu kinachokuza." Ndivyo tulivyokubaliana. Alichukua nyembe mbili za baba yake, tukazigandisha kwa nta juu ya kioo, makali yakitazamana, katikati tukiacha upenyo wa unene wa karatasi. Tone la chachu liliingia kwenye upenyo ule, waya mmoja kwenye wembe huu na mwingine kwenye wembe ule. Mikono yangu haikuweza kuuzungusha mpini kwa ukali uliotakiwa. Ya Rehema iliweza, maana tangu utoto ilikuwa ikikanda unga wa mji mzima.

Bwana Kihwele alituruhusu kutumia maabara jioni baada ya kazi, akakaa pembeni na gazeti alilolishika bila kufungua ukurasa wa pili. Alinipa ile rangi ya bluu ya maabara na kunifundisha siri yake. Chembe iliyo hai huikataa rangi ile na kubaki nyeupe. Iliyokufa huinywa ikawa bluu tii. Tukatazama tone lisilopigwa: nyeupe tupu, bluu moja moja. Rehema akazungusha mpini. Tukatazama tena, na uwanja wote ulikuwa bluu. Nilipiga kelele hata mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Rehema aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu, akainuka taratibu. "Maskini," akasema, "na mama anavyowapenda." Bwana Kihwele yeye aliuliza neno moja tu: "Na utajuaje hukuwapika?" Kwa kweli hata chembe zilizochemshwa huwa bluu. Nilifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani, nikapata jibu kwenye sufuria ya Mama Rehema: samli. Kwa baridi yetu samli huganda ngumu, na hulainika hata kwa joto la kiganja, joto dogo sana kuua chachu. Nikiweka chembe ya samli ndani ya tone na isiyeyuke baada ya pigo, basi aliyeua si moto. Niliiona akili yangu ni kubwa mno hata sikuona haja ya kuijaribu kabla ya siku ya Daktari.

Siku hiyo ilifika. Lugano alianza. Minyoo yake ya chini ya mji ilicheza kwenye kioo vizuri sana, ya juu ya mji haikuwapo, Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mimi. Nilieleza habari ya ng'ombe wa Iyunga, nikaonyesha chembe nyeupe, nikaweka samli kwenye tone na kumwomba Daktari aitazame kwa makini. Rehema akavuta pumzi, akazungusha. Tone likatoa mapovu, likachemka, na samli ikatandaa juu yake kama mafuta kwenye mchuzi. Daktari aliinua kichwa, na kilichoniumiza ni kwamba hakucheka. "Umezipika, Atuganile," akasema. "Swali lako lilikuwa zuri. Jibu ni kwamba umezipika." Akaongeza kuwa juma lile anaanza safari ya likizo kwenda kwao, atakaa siku chache Iringa kwa mwenzake wa hospitali ya huko, na ataandika jina la atakayesoma kabla hajaondoka pale. Aliyasema hayo akimtazama Lugano. Nilitoka nje nikakaa kwenye zile ngazi, nikalia kwa hasira. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa na hasira na samli.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, husema wasiovunjikiwa. Kesho yake alfajiri nilikuwa jikoni sina usingizi, nikimtazama Mama Rehema akilisha chachu. Aliweka unga, sukari, kisha akachukua kitu kwa ncha za vidole kutoka kwenye kibuyu kingine. Nikamuuliza, "Mama, hicho nini?"

"Chumvi, mwanangu."

"Chumvi ya nini kwenye chachu?"

"Ya kuitia adabu. Bila chumvi inapanda kichwa, inachacha kabla mkate haujawa mkate. Mama yangu alitia, na mama yake alitia. Nyinyi wa bara ndio hamjui."

Nilimwacha na sentensi yake mdomoni. Nilikwenda nje kwenye pipa la kukingia maji ya mvua, nikamwamsha Rehema, tukatoa kiberiti stoo. Tone la maji ya mvua, samli, zungusha: samli ikakaa vilevile, ngumu. Tone la maji ya chumvi, samli, zungusha: ikayeyuka papo hapo. Chumvi ilikuwa inaufungulia umeme njia pana mno, ukapita kwa wingi na kuchemsha kila kitu, kabla hatujajua pigo lenyewe lina nguvu gani. Nikarudia tena, na tena, mpaka Rehema akasema mkono utang'oka. Siwezi kueleza furaha ile kwa mtu ambaye hajawahi kukosea hadharani kisha akajua kwa nini. Nilimkumbatia Mama Rehema akiwa na unga mikononi, nikamwambia yeye ndiye aliyeniharibia na yeye ndiye aliyeniponya. Akanipangusa unga begani. "Sijafanya lolote kati ya hayo mawili," akasema. "Kunywa chai."

Daktari alikuwa ameshaondoka. Bwana Kihwele naye alikuwa anajiandaa kwenda likizo kwao Iringa, na kabla hajapanda gari nilimpa habari ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Huko kuna hadubini. Nitawaomba watuazime mchana mmoja. Wewe njoo na wadudu wako." Tukaosha chachu kwa maji ya mvua, tukaacha itulie chini, tukamwaga maji ya juu, tukarudia mpaka nilipoonja nisisikie chumvi. Tukaiweka kwenye chupa mpya kwa sukari peke yake. Baba Rehema alimruhusu binti yake kwa kuwa ana shangazi Iringa mjini. Mama Rehema aliitazama chupa tuliyoifunga kizibo kwa nguvu, akasema, "Haya, nendeni na mtoto asiyefunzwa." Tulipanda basi, kiberiti miguuni, nyembe kwenye kitambaa, chupa mapajani kwangu. Njia ilikuwa tope tupu. Kila shimo lilipotutikisa, chachu ilitikisika nayo, jua likatoka, ndani ya basi pakawa na joto. Tulipokaribia Makambako kizibo kiliruka na kugonga paa, na chachu yote ikamwagikia mzee aliyekuwa amekaa mbele yetu na kanzu nyeupe. Mzee aligeuka polepole, ndevu zikidondosha mapovu. Rehema aliyemjua kwa baba yake akaanza kumfuta kwa khanga huku akisema, "Samahani, Mzee Athumani, ni hamira tu, si kileo." Abiria walicheka mpaka basi likaonekana kuyumba. Mzee aliinusa kanzu yake, akasema, "Basi niokeni." Mimi sikucheka. Chupani palibaki utando tu, na utando huo ulikauka kabla hatujafika.

Bwana Kihwele alitupokea kituoni, akasikiliza mkasa, akaitazama chupa, akatupeleka moja kwa moja kwa mama yake. Ulikuwa msimu wa ulanzi. Nilikuwa nimesikia habari za pombe ya mianzi lakini sikuwahi kuona inavyopatikana. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichaka kizima cha mianzi, machipukizi yamekatwa ncha, na kwenye kila ncha kumening'inizwa pingili ya mwanzi iliyo wazi juu, wanaiita mbeta, maji ya mmea yakidondoka ndani yake. Bibi alikuwa mwembamba, amefunga kibwebwe, anakata ncha upya kwa kisu kidogo asubuhi na jioni. "Kamwene," akatusalimia, tukamwitikia vilevile kama Bwana Kihwele alivyotufundisha njiani. Alituandalia ugali na mboga ya maboga, tukala tukiwa tumeuzunguka moto, na mwanawe akamweleza kwa Kihehe tunachotafuta. Bibi alicheka akafunika mdomo. "Mmetoka Mbeya mpaka hapa kutafuta povu?" akauliza kwa Kiswahili. "Hii ya asubuhi ni mtogwa, watoto wanakunywa. Ile ya jana ni mkangafu, itawaangusha. Mtachukua gani?" Sikujua. Nilichukua zote mbili, na kesho yake hospitalini hadubini ndiyo iliyochagua. Ulanzi wa jana ulikuwa na chembe nyingi za bluu kabla hata ya kuguswa, zimechoka zenyewe. Ule wa asubuhi, ulipofika mchana, ulikuwa umeanza kuchangamka, povu limepanda mdomoni mwa mbeta, na chembe zake zilikuwa nyeupe, nono, zinachipua watoto. Nilizipenda mara moja. Nikaziosha kwa maji ya mvua ya Iringa mpaka utamu wote ukatoka.

Daktari aliingia mchana na kikombe cha chai mkononi, amevaa nguo za safari. Alikuja kwa heshima ya Bwana Kihwele, ilionekana wazi. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja, tulijibana wanne. Nikamwonyesha tone lisilopigwa, nyeupe. Nikamwonyesha lililochemshwa, bluu. Kisha tone la tatu kati ya nyembe, na chembe ya samli nilimwomba aiweke yeye mwenyewe kwa ncha ya sindano. Rehema akazungusha, akazungusha tena, na tena. Samli haikutikisika. Daktari aliigusa kwa sindano, ikavunjika kama jibini. Aliinama kwenye hadubini. Bluu, karibu uwanja mzima, na kila chembe ikiwa na umbo lake kamili, haikupasuka wala kuiva. Akaagiza turudie. Tukarudia. Akaagiza Rehema akae, akazungusha mpini mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na mikono ya mwoka mikate, pigo lilitoka hafifu. Akainama kutazama, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulipanga na ambalo ningetoa chochote niwe nimelipanga.

"Hizi zina rangi kidogo tu," akasema. Akarekebisha hadubini. "Sasa inapungua." Akaendelea kutazama mpaka chai yake ikapoa mezani na kuweka utando. "Zinakuwa nyeupe. Atuganile, zinafufuka."

Nilimwomba nafasi nikatazama. Ilikuwa kweli. Chembe zilizokuwa na bluu ya mbali zilikuwa zikiisafisha, moja baada ya moja, na moja pembeni ilikuwa na mtoto wake ubavuni vilevile. "Hazifufuki, Daktari," nikasema. "Hazikufa. Pigo liliwafungulia wadudu ngozi, rangi ikaingia, wakafunga tena. Wale wa kwanza tuliwafungua mno, wakashindwa kufunga." Nilisema kwa uhakika wote wa dunia, na ukweli ni kwamba nililifikiria jibu lile wakati huohuo mdomo ukiwa umeshaanza. Lakini lilikuwa sahihi. Leo katika maabara kubwa vijana wanazifungua chembe kwa makusudi, kwa mapigo mafupi ya umeme, wapate kupenyeza ndani yake wanachotaka, na wana mashine safi yenye vitufe na taa. Mjukuu wa dada yangu alinieleza hayo kwa kirefu, akidhani ananipa jambo jipya, nami nikamwacha amalize kwa sababu alikuwa anaeleza vizuri. Hatukuwa na jina la kitu tulichokiona Iringa, na wala hatukukiandika popote ambapo ulimwengu ungekisoma. Tulikiona tu, watu wanne kwa zamu, katika jicho moja la hadubini, na mwanamke mmoja wa Kihehe huko mlimani alikuwa anashangaa mpaka jioni watu wanataka nini na povu.

Daktari aliinuka akanyoosha mgongo. Alimtazama Bwana Kihwele, ambaye alikuwa ameugeukia ukuta, anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akanigeukia mimi. Hakunisifu, na nilimshukuru kwa hilo, maana sifa zingeniliza. Alisema kwamba Lugano ni kijana mzuri na nafasi nyingine itakuja, kwamba masomo ya Dar es Salaam yanaanza karibuni sana, na kwamba barua ya jina langu ataiandika kabla ya chakula cha jioni. "Itabidi urudi Mbeya kwanza kuchukua vitu vyako na kuaga," akasema. "Barabara ni mbaya. Unadhani unaweza kuwa tayari lini?"

Rehema akaanza kucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyelibeba begi langu tangu Mbeya akilalamika uzito wake. Nilikuwa nimechukua nguo zote, shuka, kioo cha kujitazamia na viatu vya kanisani. Mama Rehema nilikuwa nimemuaga kwa machozi, chumba nimekifagia, na ufunguo nimemrudishia mkononi.

"Niko tayari, Daktari," nikamwambia. "Mimi nilishaaga."